Kulea Miche ya Mboga Ndani ya Nyumba kwa Taa za LED

Anayeishi ghorofani jijini Dar es Salaam, katika nyumba ambayo dirisha la jikoni limetazamana na ukuta wa jirani, huona kuwa chumba chake kina mwanga wa kutosha kwa kuwa humo husoma gazeti bila taabu. Mmea hauko hivyo. Jicho la binadamu hujirekebisha kulingana na mwanga uliopo, kiasi kwamba luksi 300 za chumbani (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) hazionekani kupungukiwa na kitu, ilhali jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutoa luksi 100,000 au zaidi. Mche wa nyanya ulioota katika luksi 300 uko gizani: hurefuka kama uzi ukiutafuta mwanga, hupauka, na aghalabu huanguka kabla haujatoa majani yake halisi ya kwanza.

Taa za LED zinaweza kuziba pengo hilo, ila si kwa kila mmea, wala si kwa gharama yoyote ile. Katika nchi ambayo jua hung'aa kwa takriban saa 12 kila siku mwaka mzima, msimamo wangu ni kwamba taa ifanye kazi ya kitalu: ioteshe mbegu na kulea miche kwa wiki nne hadi nane za mwanzo, pengine pamoja na viungo vichache vya jikoni kama rehani na dania, kisha miche ihamie juani, iwe ni roshani, juu ya paa au shambani. Anayetaka kuvuna nyanya chini ya taa anaweza kuzivuna, lakini atazilipia kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) kwa bei ambayo hataipata sokoni. Maelezo yanayofuata ni ya rafu moja yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 40, inayobeba trei mbili za miche.

Kiasi cha nuru ambacho mche unahitaji

Katika usanisinuru mimea hutumia nuru yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700, yaani karibu rangi zote zinazoonekana kwenye upinde wa mvua. Lumeni (jumla ya mwanga unaotolewa na taa) na luksi zinazoandikwa kwenye maboksi ya taa zilibuniwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo huhisi zaidi kijani na manjano. Wataalamu wa mimea huhesabu chembe zenyewe za nuru, yaani fotoni, zinazoangukia eneo fulani, na kipimo chao ni mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Jua la adhuhuri hutoa takriban mikromoli 2,000 kwa kipimo hicho. Miche hukua vizuri ikipata 100 hadi 250, mboga za majani hupendelea 200 hadi 300, na nyanya au pilipili hoho zinazotakiwa kuzaa zinahitaji 400 na kuendelea.

Kipimo cha sekunde moja hakitoshi, kwa sababu mmea hujilimbikizia nuru siku nzima, na kinachoamua ukuaji wake kwa kiasi kikubwa ni jumla hiyo. Ukizidisha mikromoli 150 kwa sekunde 3,600 za saa moja, kisha kwa saa 16, unapata moli 8.6 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni moja). Kiwango hicho kinatosha miche ya nyanya, sukuma wiki, kabichi na bilinganya. Hesabu hii ina faida nyingine: huonyesha kwamba taa dhaifu inayowaka kwa muda mrefu inaweza kufidia sehemu ya udhaifu wake, jambo ambalo jua letu la saa 12 haliwezi kulifanya kwenye dirisha lenye kivuli.

Kipima mikromoli cha kitaalamu ni ghali, na kwa rafu moja ya nyumbani sioni sababu ya kukinunua. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na zipo programu za bure zinazosoma luksi kupitia kihisi hicho. Laza simu pale majani yalipo, uso wake ukitazama juu, soma idadi ya luksi, kisha igawe kwa 70 ikiwa taa ni nyeupe ya LED, au kwa 54 ikiwa ni jua. Luksi 10,500 chini ya taa nyeupe ni sawa na mikromoli 150 hivi. Simu hutofautiana, kwa hiyo chukulia jibu hilo kuwa makadirio; hata hivyo makadirio hayo yanatosha kabisa kutofautisha luksi 2,000 na 10,000, na tofauti hiyo ndiyo inayoua miche. Chini ya taa za zambarau njia hii haifai, kwa kuwa luksi hazihesabu ipasavyo nyekundu na buluu.

Kuchagua taa

Taa za zambarau zinazouzwa kama taa za mimea zina asili yake. Klorofili hufyonza zaidi nuru nyekundu na buluu, hivyo watafiti waliofadhiliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 walianza na diodi (vipande vidogo vya LED vinavyotoa nuru) za rangi hizo, wakitafuta namna ya kulima angani kwa umeme mchache. Kitalu kidogo kiitwacho Veggie, ambacho mwaka 2015 kiliwapa wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga letusi yao ya kwanza kuila rasmi, kilitumia nyekundu na buluu, kikaongezewa kijani ili wanaanga waione mimea katika rangi inayofanana na ile ya kawaida. Sababu hiyo ya mwisho inatuhusu hata sisi tulio jikoni. Chini ya zambarau jani lililogeuka njano kwa kukosa naitrojeni na jani lenye afya huonekana karibu sawa, na mtu hugundua ugonjwa umeshasambaa. Isitoshe, hakuna anayefurahia kula chakula cha usiku karibu na mwanga huo.

Taa nyeupe ya kawaida ya LED inafaa zaidi kwa kazi yetu. Ndani yake kuna diodi ya buluu iliyopakwa unga maalumu unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu, na hivyo mche hupata rangi zote unazozihitaji. (Diodi ya buluu yenye nguvu ndiyo iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, bila hiyo, taa nyeupe za bei nafuu zilizojaa madukani leo zisingekuwapo.) Chagua zenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 6,500, kwa sababu zina buluu nyingi kuliko zile zenye mwanga wa njano, na buluu huufanya mche uwe mfupi na mnene. Katika maduka ya vifaa vya umeme, yale ya Kariakoo kwa mfano, utakuta tyubu za LED za futi nne zenye wati 18, nyingi zikitoa takriban lumeni 1,800 kila moja. Nne kati ya hizo zinatosha rafu tuliyoitaja: jumla ya lumeni 7,200 juu ya eneo la mita za mraba 0.48 ni luksi 15,000 kama hakuna kinachopotea, na kwa hali halisi utapata kati ya 10,000 na 12,000, yaani mikromoli 140 hadi 170.

Nunua tyubu zilizokuja na kasha lake na waya wake, zinazochomekwa moja kwa moja. Tyubu tupu za kupachikwa kwenye fremu za zamani zina usumbufu wake, kwa sababu choki na stata za taa za zamani zinapaswa kuondolewa au kurekebishwa kulingana na aina ya tyubu, na baadhi ya tyubu hupokea umeme upande mmoja tu huku nyingine zikipokea pande mbili. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Ukiamua kununua paneli iliyotengenezwa mahususi kwa mimea, usiamini wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Paneli iliyoandikwa wati 1,000 mara nyingi hutumia takriban wati 100, kwani mtengenezaji amejumlisha uwezo wa juu kabisa wa kila diodi, au amelinganisha na taa za kizamani kwa namna inayomfaa yeye. Ipo njia ya kumhakiki, ikiwa mita yako ya umeme iko ukutani na si juu ya nguzo. Taa ndogo nyekundu ya mita humeta mara kadhaa kwa kila uniti (wati 1,000 zikitumika kwa saa moja), na idadi hiyo imeandikwa kwenye uso wa mita; kwenye mita nyingi ni mara 1,000. Chomoa kila kitu ndani ya nyumba, jokofu likiwamo, washa paneli pekee, kisha hesabu mimeto kwa dakika sita. Kwa mita ya aina hiyo, mimeto 10 ni wati 100. Wati 1,000 za kweli zingetoa mimeto 100.

Kuunda rafu

Rafu ya chuma ya kufunga kwa bolti ni bora kuliko ya mbao, kwani haitavimba kwa maji na inaruhusu kuninginiza taa popote. Funga tyubu nne kwenye fremu moja nyepesi, zikiwa zimeachana kwa sentimita 10 hivi, kisha ininginize fremu hiyo kwa minyororo miwili midogo yenye ndoano ili uweze kuipandisha mimea inapokua. Umbali kutoka tyubu hadi ncha za majani uwe sentimita 15. Watu wengi huziweka taa juu sana kwa kuogopa kuunguza miche. Tyubu za LED zenye nguvu ndogo hazichomi kama balbu za zamani za nyuzi, na kila sentimita unayoiongeza bila sababu ni nuru unayoimwaga sakafuni. Kwa balbu moja iliyo peke yake hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukizidisha umbali wake mara mbili, nuru inayofika hupungua hadi karibu robo. Paneli yenye nguvu ni jambo jingine: anza na sentimita 40, pima luksi, ndipo uisogeze.

Pande tatu za rafu zizungushie kitu cheupe kisichong'aa, kama kadibodi iliyopakwa rangi nyeupe au ubao mwepesi wa plastiki. Nuru ambayo ingetoroka pembeni hurudi kwenye miche, na miche ya kingoni haitapinda sana kutafuta katikati. Acha upande wa mbele wazi kwa ajili ya hewa. Feni ndogo ya mezani ikipuliza polepole juu ya miche kwa saa chache kila siku hufanya kazi mbili: hukausha uso wa udongo, na mtikisiko wake huimarisha mashina.

Umeme wetu ni wa volti 230, na hapa umewekwa juu ya maji kwa makusudi, hivyo tahadhari si ya hiari. Ekstensheni ifungwe ukutani juu ya usawa wa trei, isilale sakafuni wala kwenye rafu. Waya unaoingia kwenye soketi ushuke kwanza chini ya soketi kisha upande, ili tone linaloteleza juu yake lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme. Zima taa na uchomoe plagi kabla ya kunyunyizia maji.

Saa za mwanga na saa za giza

Miche ya nyanya, pilipili, bilinganya, kabichi na sukuma wiki ipewe saa 14 hadi 16 za mwanga. Rehani nayo hustawi kwa saa hizo. Dania ni tofauti, kwa maana siku ndefu pamoja na joto huiharakisha kutoa maua, na ikishatoa maua majani yake hupungua. Saa 12 zinaitosha. Usikubali ushauri wa kuacha taa zikiwaka usiku na mchana ili miche ikue haraka. Nyanya hasa huumizwa na mwanga usiokatika: majani yake hupata mabaka ya njano na ukuaji hudorora.

Kuwasha na kuzima kwa mkono hakudumu, kwa hiyo tafuta taima ya kuchomeka kwenye soketi. Ile ya kuzungusha ni ya bei nafuu, lakini umeme ukikatika nayo husimama, na baada ya wiki kadhaa za kukatika huku na kule utakuta taa zinawaka usiku wa manane. Taima ya kidijitali yenye betri yake ndani huhifadhi saa. Kumbuka kuwa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: anayetaka taa ziwake kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku ataandika 06:00 na 22:00. Kuhusu kukatika kwenyewe, giza la siku moja halitaiua miche, na hakuna haja ya kuitafutia jenereta.

Hesabu ya umeme

Tyubu nne za wati 18 ni wati 72. Zikiwaka kwa saa 16 zinatumia uniti 1.15 kwa siku, karibu uniti 35 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipia uniti moja, na usisahau kundi ulilomo: mteja wa TANESCO wa kundi la D1, ambalo limewekewa uniti 75 kwa mwezi, ataona rafu moja imekula karibu nusu ya mgao wake wa bei nafuu, na matumizi ya ziada hulipiwa kwa bei ya juu zaidi.

Hapa ndipo msimamo wa kitalu unapojitetea. Katika wiki tano rafu hiyo hutumia uniti 40 hivi. Trei mbili zenye mashimo 72 kila moja hutoa miche 144, yaani miche mitatu hadi minne kwa kila uniti, na kila mche wa nyanya ukipelekwa juani unaweza kuzaa kwa miezi. Uniti hizohizo 40 zikitumika kukuza mchicha hadi kuvuna zitakupa mafungu machache ambayo mama wa genge la mtaani anayauza kwa bei ambayo hata kuishindania ni kupoteza muda. Mchicha, zaidi ya hayo, ni mmea unaopenda jua kali, na chini ya mikromoli 150 hutoa mashina membamba. Letusi na viungo ndivyo vyenye hoja ya kubaki chini ya taa, kwa kuwa huridhika na nuru ya wastani.

Kutoka mbegu hadi mche

Jaza trei kwa mchanganyiko mwepesi usio na vimelea: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyolowekwa na kukamuliwa, ikichanganywa na mboji iliyoiva na kuchekechwa. Udongo wa bustanini uache huko nje, kwani huleta kinyausi, ugonjwa wa fangasi unaolegeza shina usawa wa udongo na kuangusha trei nzima kwa siku mbili. Weka mbegu moja kwa kila shimo, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, funika kwa karatasi ya nailoni, na uache trei mahali penye joto. Nyanya huota kwa siku tano hadi nane, sukuma wiki huwahi zaidi, na pilipili huweza kuchukua wiki mbili. Letusi isikae penye joto kali. Mbegu zake nyingi hukataa kuota joto linapozidi nyuzi 30 za Selsiasi, tatizo la kawaida kwa wakazi wa pwani, na dawa yake ni kuziotesha mahali penye ubaridi zaidi ndani ya nyumba.

Kwa mbegu nyingi, kipindi chote cha kuota hakihitaji taa. Lakini mara tu machipukizi ya kwanza yanapoonekana, hata kama ni robo ya trei, ondoa nailoni na uwashe taa siku hiyohiyo. Mche hurefuka zaidi katika saa zake za kwanza nje ya udongo, na shina lililorefuka halifupiki tena. Unachoweza kufanya ni kuliotesha upya kwa kina zaidi wakati wa kuhamisha, jambo ambalo nyanya hulivumilia na mimea mingine mingi hailivumilii.

Mwagilia kwa kuweka maji kwenye sinia chini ya trei, uiache inyonye kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Uso wa udongo ukibaki mkavu, kinyausi na vijidudu vidogo virukavyo juu ya udongo hukosa makazi. Kwa kuwa kokopiti haina chakula cha maana, anza kutoa mbolea ya majimaji yenye NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) pale jozi ya kwanza ya majani halisi inapofunguka, kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki. Miche yenyewe itakuambia kama nuru inatosha: ikiwa umbali kati ya jani na jani ni mrefu na rangi imepauka, shusha taa, ikiwa majani ya juu yanajikunja na kupauka kwa mabaka meupe huku udongo una unyevu, ipandishe.

Kuizoesha jua

Mche uliolelewa katika mikromoli 150 ukitolewa ghafla kwenye 2,000 huungua. Majani hugeuka meupe ndani ya saa chache, kwani hayajawahi kuonja mionzi ya namna hiyo. Tenga siku saba hadi kumi. Siku mbili za kwanza trei zikae kivulini nje, mahali pasipo upepo mkali. Baada ya hapo zipewe jua la asubuhi kwa saa moja au mbili, ukiongeza kidogo kila siku, na jua la adhuhuri liwe la mwisho kabisa kuzoeleka. Punguza maji kiasi katika kipindi hicho, bila kuiacha inyauke. Nyanya na sukuma wiki huwa tayari kupandwa zikiwa na wiki nne hadi sita, pilipili hoho wiki sita hadi nane. Hamishia miche jioni, au siku yenye mawingu, na umwagilie mara moja.

Trei zikishaondoka, osha kila moja kwa maji yenye jiki, kipimo kimoja kwa tisa vya maji, uzisuuze na kuzianika juani. Chomoa taa na ufute tyubu kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi la jikoni na mafuta ya kukaangia hupunguza nuru kidogokidogo bila kuonekana kwa macho, kisha pima luksi upya kwa simu ileile uliyotumia mwanzoni kabla ya kupanda mbegu nyingine.